Wafu Tisa wa Dossier ya Maternité

"Wafu hawana dole gumba, Citoyen Inspecteur," alisema katibu Mumba, akaisukuma karatasi juu ya meza kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayesogeza panya aliyekufa. "Na hapa beko tisa. Tisa! Bamefufuka, bamepanga mustari, bametia wino, kisha kila mumoja amerudia mu kaburi yake kulala."

Numbi hakucheka. Alikuwa mpelelezi wa parquet, ofisi ya procureur, mwendesha mashtaka wa Lubumbashi, na kwa miaka ishirini na miwili ya kazi hiyo alikuwa amekwisha kuona wafu wakipokea mshahara, wafu wakioa, hata mfu mmoja aliyeomba likizo ya ugonjwa. Alivaa miwani, akaivuta karatasi: orodha ya majina arobaini, kila jina na chapa ya dole.

Ilikuwa Jumatano, katika ofisi ya Fondation Kalaba, mtaa wa Golf. Marehemu Kalaba alikuwa mtu wa malori na unga. Alipofariki, mjane wake aligeuza nusu ya villa yao kuwa mahali pa kupokea maombi ya wenye shida. Kila mwaka maombi yaliingia kwa magunia, na kila mwaka, mwezi wa pili, Fondation ilichagua moja tu. Haikutoa fedha mkononi. Ilitoa mabati, saruji, vitanda, madawa. Waombaji walitakiwa walete matofali yao na mikono yao, wawe wakuu wa familia wasiopungua arobaini, na kila mmoja aweke sahihi au dole mbele ya jina lake. Ombi likionekana na uongo, lilitupwa, na mtaa ulioleta ombi hilo haukupokelewa tena kamwe. Hayo yote yalikuwa yamebandikwa ukutani, chini ya picha ya Rais.

Ombi la safari hii lilitoka Annexe, pembeni kabisa ya mji, kwenye mashamba na nyumba za udongo. Walitaka kujenga maternité, nyumba ya kuzalishia akina mama.

"Barua hii mulipata namna gani?" aliuliza Numbi, akiinua karatasi ya pili, ile ya uchongezi.

"Juzi lundi asubuyi. Chini ya portail, ku mulango ya inje. Haina jina."

Barua ilikuwa ya Kifaransa kizuri mno, herufi kubwa zote zina mikia, heshima zimejaa hata mahali pasipo na haja. Numbi aliijua kazi ya namna hiyo: mmoja wa wale waandishi wanaokaa na viti vyao mbele ya poste, wanaoandika barua za mapenzi, za kuomba kazi na za kuchongea watu kwa mkono uleule, na ambao hawamtaji mteja hata uwachome moto. Barua ilitaja watu tisa, mmoja mmoja, ikasema wote ni marehemu, na kwamba muuguzi aliyetunga orodha ni mwizi wa majina.

"Nilienda mu registre ya commune, kitabu ya bafu, palepale," alisema Mumba. "Nane nilibapata, na tarehe ya kufa, na namba ya kaburi. Nikapeleka malalamiko. Jana mardi muuguzi akakamatwa. Kazi safi."

"Na wa tisa?"

"Chanda? Huyu sikumupata. Lakini nane inatosha, non? Hata mufu mumoja anatosha."

"Barua ya ombi yenyewe iko wapi?"

"Kwa Présidente. Comité inakaa kesho kutwa, vendredi, saa ine ya asubuyi. Bataitupa rasmi." Mumba alinyoosha kola ya abacost, koti lake la kiserikali. "Na siku ya kufuata, samedi, muuguzi wenu anapanda camion ya Kasapa. Gereza pale iko na infirmerie, atapata kazi."

Numbi aliikunja orodha, akaweka mfukoni. Mtu mmoja alikuwa na orodha mkononi, alikuwa na mlango wazi wa registre ya commune, na alifurahia kesi hii kama mwenye harusi. Mtu huyo alikuwa Mumba mwenyewe. Numbi aliandika jina lake katika kijitabu, akaweka alama ya kuuliza.

*

Kwenye karatasi muuguzi aliitwa Kunda, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa kwa amri ya Rais tangu miaka saba iliyopita. Lakini Annexe nzima ilimwita Liévin, na hata askari wa cachot, mahabusu ya parquet, alisahau sheria akaita: "Liévin! Toka, bamekuya kukuona!"

Alitoka amevaa viatu visivyo na kamba. Kijana wa miaka thelathini hivi, mrefu, macho mekundu. Alikaa mbele ya Numbi, akaweka mikono juu ya meza bila kuambiwa.

"Hizi chapa uliweka weye?"

"Hapana."

"Nani aliweka?"

"Benyewe."

"Benyewe beko mu kaburi."

"Citoyen Inspecteur, mimi nazalishaka bantu. Sizikake."

Numbi alifungua kibweta chake. Akatoa kidau cha wino, kibao, na karatasi nyeupe. Alimpaka Liévin wino vidole vyote kumi, akavibingirisha kimoja kimoja, polepole, kama mama anayeosha mtoto. Kisha akachukua kioo cha kukuzia, akaenda chapa kwa chapa katika orodha, kuanzia ya kwanza hadi ya arobaini. Ilimchukua saa nzima. Askari alisinzia, akaamka, akasinzia tena.

Hakuna hata chapa moja iliyofanana na kidole cha Liévin. Tena hakuna mbili zilizofanana zenyewe kwa zenyewe. Moja ilikuwa na kovu la kukatwa, moja ilikuwa laini kama imesuguliwa na msasa, nyingine ndogo kama ya mwanafunzi. Madole arobaini, watu arobaini. Mtu mmoja hawezi kukaa nyumbani akabuni jambo kama hilo.

"Nani huyu Musonda?" aliuliza, kidole chake kikiwa kwenye jina la kwanza la barua.

"Musonda ya pale karibu na tanuru."

"Registre inasema alikufa mu soixante-quatorze, mwaka wa sabini na ine. Alikuwa na miaka sabini na moja."

Liévin aliinua uso. "Musonda? Nilimuzalisha mwaka uliopita. Mutoto mwanamuke, kilo tatu."

Askari aliamka kwa kicheko chake mwenyewe.

"Weye uko mutu wa wapi?" aliuliza Numbi.

"Wa Mitwaba. Annexe nimeingia miaka mbili na nusu. Jina bantu bananiambia, mimi naandika. Nilipaswa kuomba cartes d'identité, najua. Sikuomba. Njo kosa yangu." Alivuta pumzi. "Lakini kama mukinipeleka Kasapa, mutume mutu aangalie kuta. Zimefika hapa." Aligusa kifua. "Mufuniko haiko. Kila mvua inakula udongo kati ya matofali. Tukikosa mabati mwaka huu, hakuna kitu ya kufunika mwaka ujao."

*

Alhamisi asubuhi Numbi alienda Annexe kwa baiskeli, suruali imefungwa kwa kamba kwenye vifundo vya miguu. Njia ilikuwa nyekundu na laini kama bukari, ugali wa huku, iliyokosa unga. Alipita vichuguu vikubwa kama nyumba, vilivyochimbwa ubavuni kutoa udongo wa matofali, mpaka alipoona moshi wa tanuru.

Julienne, mke wa Liévin, alimpokea mlangoni pa kibanda alichokuwa akizalishia mumewe. Kulikuwa na kitanda kimoja cha mbao, ndoo, na shuka lililofuliwa mpaka likawa kama utando wa buibui. Mama mmoja mjamzito alikuwa amekaa chini, amenyoosha miguu, akisubiri.

"Anamungojea nani?" aliuliza Numbi.

"Anamungojea Liévin," alisema Julienne. "Bote banamungojea. Mimi nabaambia muende ku hôpital, njia ni ya saa tatu ya miguu. Banasema: tutangojea."

Numbi hakuandika hilo. Aliuliza nyumba ya Musonda.

Kwenye nyumba aliyoonyeshwa alitoka msichana wa miaka kumi na tisa, mtoto mgongoni, mikono imejaa majani ya lengalenga. Kabla Numbi hajafungua kinywa, mzee mmoja mwenye mvi alipita njiani na jembe begani. Alisimama, akavua kofia, akapiga goti moja kidogo mbele ya msichana yule.

"Jambo yenu, kambo," alisema mzee, kama mtoto anayemsalimu bibi yake.

"Jambo, mujukuu yangu," alijibu msichana, bila hata tabasamu. "Na jana nilisikia ulikunywa tena lutuku. Nikisikia mara ingine nitakuya kukutandika na fimbo."

"Nimeacha, kambo. Nimeacha kabisa." Mzee alivaa kofia, akaondoka kwa haraka.

Numbi alizaliwa katika kambi ya reli, mahali ambapo jina lilitoka kwa padri na namba ilitoka kwa karani. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama, yule mubaba anaweza kukuzaa mara tatu."

"Ndiyo. Lakini mimi njo kambo yake." Msichana alitua majani. "Kambo Musonda alipokufaka, jamaa ilikaa. Bakanitia ku mukeka, bakanipaka unga mweupe, bakasema: Musonda ameamuka. Tangu siku ile mimi njo Musonda. Bana bake ni bana bangu, bajukuu bake ni bajukuu bangu. Mara ingine ni furaha, mara ingine ni kichwa kuuma."

"Na mu carte?"

"Mu carte nilibakia na ile ya zamani. Nani atapanda mpaka ku commune juu ya kintu ile? Hapa hakuna mutu ananiita na ile jina. Hata mimi nikiisikia, naangalia nyuma."

Numbi alitoa kidau cha wino palepale. Chapa ndogo, kama ya mwanafunzi. Aliilinganisha na ile ya orodha chini ya kioo: mzingo ni uleule, na mstari uliokatika ni uleule. Marehemu Musonda alikuwa hai, alikuwa na lengalenga ya kupika, na mtoto wake alikuwa ameanza kulia.

*

Aliwaita wote arobaini. Waliweka meza kando ya kuta za maternité, zile zilizofika kifuani, na kila mmoja alileta carte yake ya kitambulisho: nyingine katika kitambaa, nyingine ndani ya Biblia, moja ndani ya kopo la siagi. Numbi alisoma jina la carte, akauliza jina la mtaani, akapima dole. Hakuna chapa hata moja iliyokuwa ya uongo. Saa nane mchana alimaliza, akahesabu katika kijitabu chake wale ambao carte yao na orodha hazikukubaliana.

Walikuwa kumi.

Alirudia hesabu. Kumi. Barua ilikuwa imetaja tisa.

Kwanza alianza na Chanda, yule ambaye Mumba hakumpata. Mrithi wa jina alikuwa mwanaume mnene, muuza chumvi.

"Chanda wa kwanza alikufa wapi?"

"Kule Mitwaba, Baba Inspecteur. Alienda na biashara, homa ikamukamata. Tulimuzika kulekule."

"Nani wa hapa aliyejua?"

"Ah, hapa bote. Tulilia siku ine. Lakini ku commune hatukupeleka neno. Kumupelekea nani? Mwili haukufika."

Numbi alipiga mstari juu ya jina la Mumba katika kijitabu. Katibu alikuwa na registre, lakini Chanda hakuwamo katika registre yoyote ya mji. Barua ilitoka kwa mtu aliyelia kilio cha Chanda. Ilitoka hapa, miongoni mwa hawa wanaomtazama.

Sasa yule wa kumi, ambaye barua haikumtaja. Aliinua kichwa, akauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza saa:

"Mwaba wa kwanza, huyu aliishaka kufa lini?"

Walijibu wote pamoja. Mu soixante-quinze, sabini na tano! Mwaba mkubwa? Nani asiyejua? Ndiye aliyefyeka msitu hapa kwanza. Kilio chake kilijaza watu mpaka barabara ya magari, waliliwa mbuzi saba. Mmoja akasema kumi na mbili. Mwingine akaapa kwamba siku ile hata usine, kiwanda cha shaba, ilizima moshi kwa heshima.

Numbi alifunga kijitabu. Aliwashukuru, akawaambia waende. Akamwomba mmoja tu abaki.

Mwaba wa sasa alikuwa fundi wa matofali, mtu wa miaka hamsini, mabega mapana. Carte yake ilisema Kapya. Alikuwa mtoto wa dada ya Mwaba mkubwa, na dole lake ndilo lile laini, lililosuguliwa na udongo miaka mingi hata mistari ikaanza kupotea. Alikaa juu ya rundo la matofali, akangoja.

"Baba Mwaba, munisaidie," alisema Numbi. "Iko mutu aliandikisha barua. Ule mutu anajua bafu bote ba hapa. Anajua Musonda. Anajua hata Chanda, mwenye alifia mbali. Lakini mufu mukubwa kupita bote, mwenye hata batoto banajua, huyu amemusahau. Kwa nini?"

"Sijue kusoma, Baba Inspecteur."

"Sikusema mulisoma. Ba mwandishi ba ku poste, mutu anasema tu, bo banaandika. Nauliza: kwa nini alimusahau Mwaba?"

"Pengine alichoka kuhesabu."

"Pengine. Ao pengine, alipokuwa anahesabu bafu, alipita juu ya jina ya Mwaba na hakuona mufu pale."

"Mwaba hakukufa," alisema fundi, kwa haraka, kama mtu anayemsahihisha mtoto. "Mwaba ni mimi."

Tone moja la mvua lilianguka juu ya meza, karibu na kidau cha wino. Kisha jingine.

Numbi alisogeza kidau kando, mvua isikifikie. Alikuwa amekwisha kuona watu wanaohesabu abiria wa lori, wakapata mmoja amepungua, wakamtafuta chini ya magurudumu, kumbe ni wao wenyewe. Alimwacha fundi afike peke yake. Ilichukua muda. Mabega yale mapana yalishuka kidogo kidogo.

"Mimi ni mujinga," alisema Mwaba hatimaye.

"Hapana. Muko Mwaba. Sasa muniambie kwa nini."

Fundi alitazama kuta alizozijenga kwa mkono wake.

"Mutoto wangu Jeanne. Mwezi ya ine, mwaka jana. Alienda kuzaa mu kile kibanda, hakurudia tena. Mutoto wake vilevile. Mu mikono ya Liévin." Alikunja ngumi, akaikunjua. "Kisha yeye huyo anatembea mu nyumba za bantu: tujenge, tujenge. Bapewe vitanda, bamupigie makofi, bamuite docteur. Juu ya mutoto wangu?"

"Na dole muliweka."

"Bote balikuwa banangoja niweke wa kwanza. Ningesema nini? Niliweka. Nikaenda ku poste."

"Mulijua atafungwa?"

"Nilitaka akae mahali mulango umefungwa. Aone." Aligusa tofali la juu kabisa. "Kuta sikufikiria. Nilizisahau kabisa."

Mvua ilikuwa imeanza sawasawa. Numbi alifunika orodha kwa abacost yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliharakisha.

*

Ijumaa, kabla ya saa nne, wale kumi wa majina mawili, waliokuwa wametembea tangu alfajiri, walisimama katika sebule ya villa ya Golf, wakijaribu kutokanyaga zulia. Mama Kalaba, mjane, alikaa mwisho wa meza ndefu, mwanamke mdogo mwenye kitambaa cheusi kichwani, wajumbe wawili wa comité kulia na kushoto. Mumba alisimama nyuma yake na faili.

Numbi alieleza yote bila kupamba: chapa, cartes, mkeka, unga mweupe. Jina la mchongezi hakulitaja. Alisema tu kwamba uchunguzi unaendelea.

"Mama Présidente, hata vile, sheria ni sheria," alisema Mumba. "Jina ya carte haiko ile ya dossier. Ni faux, ni uongo."

"Citoyen Mumba, bwana yangu alipokufa, nani alikuya kukaa ku kiti yake mbele ya jamaa?"

Mumba alikohoa. "Mudogo wake."

"Na weye mwenyewe ulimuita nani siku ile?"

"...Nilimuita Baba Kalaba."

"Basi, keti." Mama Kalaba aligeukia wale kumi. "Mutaandika majina mbili, ile ya carte na ile jamaa ilibapatia. Na dole mupya. Mulisomewa ombi lenu?"

Walitazamana. Hapana, hawakusomewa. Ilikuwa ya Kifaransa. Liévin alisema ni ya kuomba maternité, wakaamini.

"Hakuna mutu ataweka dole tena mu nyumba hii juu ya kintu hakusikia," alisema Mama Kalaba. Akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kuugeuza katika Kiswahili, neno kwa neno, akisimama pale lilipomshinda.

"'Mama Présidente. Nabaandikia juu ya Jeanne, wa miaka makumi mbili na tatu, binti ya Mwaba fundi ya matofali...'" Alisimama. "Hapa iko mustari mwekundu. Nani alipiga?"

"Ni mimi," alisema Mumba kwa sauti ndogo. "Jina ya ubatizo, Mama. Imekatazwa."

Mama Kalaba aliendelea. "'...mwenye alikufa mu mikono yangu. Damu ilikuwa inatoka, sikuwa na kintu ya kuisimamisha. Gari haikuwa. Tuling'oa mulango wa nyumba, tukamulalisha juu. Baba yake alibeba upande wa kichwa, mimi upande wa miguu, mpaka ku barabara, na pale camion tatu zilipita bila kusimama. Sijue kama baba yake atanisamehe. Sikumuuliza, nilikosa kinywa. Naomba chumba moja yenye mufuniko, vitanda ine na dawa, ili nisibebe tena mutu juu ya mulango. Jina ya maternité, kama mukikubali, iwe ya ule mutoto.'"

Alivua miwani. Huko nje mtunza bustani alikuwa akikata majani, na mlio wa mkasi wake ulisikika mpaka ndani.

"Alimuandika?" aliuliza Mwaba. Hakuuliza mtu fulani.

"Mustari wa kwanza," alisema Mama Kalaba.

Tisa walipita mmoja mmoja, wakataja majina mawili, wakaweka dole. Msichana Musonda alimpangusa mzee wa nyuma yake wino uliomwagikia mkononi. Zamu ya Mwaba ilipofika hakuenda kwenye dossier ya ombi. Alikwenda pembeni, kwenye meza ndogo ambapo Numbi alikuwa na karatasi zake za procès-verbal, maandishi ya ushahidi, akabaki wima.

"Andika, Baba Inspecteur. Ile barua ilikuwa yangu."

Nyuma yao kiti kilikwaruza sakafu. Numbi alichovya kalamu.

"Jina?"

"Kapya."

"Bantu banawaita Mwaba. Niandike yote mbili, kama kule."

"Hapana. Kule mbili. Hapa andika Kapya." Fundi alinyoosha dole lake laini juu ya kidau. "Mwaba hakufanya hii."

Numbi alimtazama. Kwa sheria, carte ndiyo inayosema, na carte ilisema Kapya. Aliandika Kapya, akageuza karatasi, na dole likashuka. Halafu Numbi akamwambia kwamba procureur atamwita Jumatatu, na kwamba mpaka hapo asitoke mjini.

"Nitakuya," alisema fundi. Akarudi kwenye meza ndefu. Mama Kalaba mwenyewe aliigeuza orodha ili nafasi moja iliyobaki kutimiza arobaini iwe mbele yake.

*

Saa kumi jioni askari alimrudishia Liévin mkanda, saa, na kamba za viatu. Comité ilikuwa imekubali: mabati wiki ijayo, vitanda mwezi wa tatu. Liévin alisikiliza, akauliza kama mvua ya jana ilikuwa kubwa, kisha akakaa kwenye benchi kufunga viatu.

"Na mwenye alinichongea, bamemupata?"

"Amejileta mwenyewe." Numbi alimwonyesha mwisho wa procès-verbal, mahali pa jina.

"Kapya?" Liévin alisimamisha mikono. Alifikiri, akapita nyumba kwa nyumba kichwani, mwisho akatikisa kichwa. "Mu Annexe yetu hakuna Kapya. Simujue ule mutu hata kidogo."

"Ndiyo," alisema Numbi, akamfungulia mlango.

Upande wa pili wa barabara mtu alisimama na baiskeli ya kuazima, matope mpaka magotini. Liévin alimtambua, akavuka mbio, mikono juu.

"Baba Mwaba! Mumekuya kunitwaa?"

Fundi alishika usukani kwa mikono miwili. Wino ulikuwa bado kwenye dole lake. Alimtazama kijana yule kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kumtazama mtu unayemjua.

"Panda," alisema. "Iko kintu nitakuambia mu njia."